Kati ya Masika na Biira

Bwera, saa tisa mchana, mvua inapiga mabati

Biira mwanangu,

Salamu nitazitoa mwishoni, kama mkono utafika huko. Mistari miwili nimeshaikata, mimi ninayekata ukingo mwembamba kama ukucha bila kukosea.

Umekwenda Kasese na mama yako kununua nyembe za msumeno, maana huamini kwamba huko Butembo, Kongo, unakokwenda kufanya kazi, kuna nyembe nzuri. Mtarudi jioni mmelowa. Kesho saa mbili asubuhi gari la masista waliokupa kazi hiyo litakuwa mpakani Mpondwe likikungoja. Mambo ya sweta, sabuni, dawa ya malaria, ule nini na usilale wapi, mama yako ameyamaliza wiki nzima mpaka nimelihurumia begi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina neno moja tu, na nikilianza kwa mbali nitalikimbia, kwa hiyo nalianza hapa hapa.

Kitambulisho chako hakikupotea. Mimi ndiye niliyekiiba.

Usisimame. Najua umeshasimama. Kaa, mwanangu, soma mpaka mwisho. Kiko salama na utakipata kabla ya gari.

Siku tatu umegeuza nyumba hii juu chini. Nilikushikia tochi ukiwa umelala kifudifudi chini ya kitanda, mimi mwenyewe, mwizi, nikisema, "Angalia na kule pembeni." Nikasema labda kilianguka sokoni. Ukajipiga kofi kichwani ukasema, "Mimi mujinga, tata, mujinga kabisa," nami nikakubembeleza. Aka! Mtu mzima na mvi zangu. Nimefanya mabaya mengi, lakini lile la kukubembeleza ndilo linaloniamsha.

Utauliza kwa nini nakuandikia Kiswahili wakati nyumbani tunasema Lhukonzo. Lhukonzo ndiyo lugha niliyokudanganyia. Nikiiandika, uongo wa miaka ishirini utakuja wenyewe, umeshazoea njia. Kiswahili nilikipata Butembo kwa seremala aliyenifundisha kazi, mzee wa Kigoma ambaye nikisema "mutu" alinipiga kofi, na nikisema "mtu" alinipa chai. Katika Kiswahili sijawahi kukudanganya, labda kwa sababu hatujawahi kukizungumza sana; maneno yetu ya nyumbani humu nayageuza tu kwa Kiswahili cha mpakani.

Mimi ni mwoga. Haya, nimesema. Watu wa hapa wananiona mtu wa taratibu, mtu wa kufikiri kwanza, fundi asiye na haraka. Ni woga tu, mwanangu, nimeupiga randa na msasa mpaka ukang'aa. Wewe peke yako ndiye uliyeuona. Masista waliomba picha ya Bustani ya Gethsemane kwa ajili ya kanisa lao, mimi nikakushauri umweke Yesu mwenye ndevu, amepiga magoti, na mizeituni nyuma. Ukakataa. Ukachukua mbao tano za kupangwa moja juu ya nyingine, nne ukazitoboa tundu moja moja. Tundu la juu kabisa pana, kingo zake zimejipinda kama mabega ya milima yetu, na majani. La chini yake dogo zaidi, na limenyooka zaidi. Hivyo hivyo kwenda chini, majani yakipungua, mpaka lile la nne, duara kamili, dogo, jeusi. Na nyuma yake ule ubao wa tano, usio na tundu, unaofunga. Nikakuuliza mtu yuko wapi. Ukasema, "Iko ndani, tata. Woga ni hivyo. Unaanza na mulima muzima, unabaki na katundu." Nikakuuliza umejuaje. Ukasema ulikuwa unaniangalia nikisikiliza redio.

Nilitoka nje nikajifanya naenda kukojoa.

Ni kweli nasikiliza redio. Habari za Beni, vijiji vimechomwa, watu wamekatwa wakitoka shambani, barabara ile ile utakayoipita kesho. Masista wanasema mchana magari yanapita, na ni kweli yanapita. Wafanyabiashara wanakwenda na kurudi na vitenge vyao. Lakini siyo redio iliyonifanya niibe. Ningekuwa naogopa barabara tu ningekuambia, "Biira, naogopa barabara," tungegombana kidogo, ungeshinda wewe kama kawaida.

Niliiba kwa sababu ya daftari lako la michoro.

Sikulipekua kwa ubaya. Nilikuwa natafuta vipimo vya ile kazi. Nikafika ukurasa wa katikati nikaona msichana ambaye simjui, ana paji la uso la mama yako na masikio yangu, Mungu amsaidie. Chini umeandika: "Masika. Miaka 21?" Halafu majina ya maparokia, moja baada ya jingine, Kasindi, Beni, Maboya, Butembo. Mengine umeyawekea alama ya kuuliza.

Ndipo nilipokumbuka siku ile Kasese tulipokwenda kuchukua hicho kitambulisho. Yule karani mwenye miwani, Mkonzo mwenzetu, alisoma jina lako akacheka vizuri tu, akauliza kama anavyouliza kila mtu wa hapa:

"Biira? Na Masika wenu yuko wapi?"

Ni swali gani tena? Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Masika wa kwanza, Biira wa pili. Aliye Biira ana Masika mbele yake, hata akiwa hayupo. Tangu ujue kusema umeulizwa hivyo, kisimani, shuleni, kanisani, na sisi tumekufundisha kujibu, "Alikwenda." Lakini karani yule aliniuliza mimi, na watu kwenye foleni walikuwa wanasikiliza, nami nikaona nifunge mdomo wake haraka. Nikasema:

"Yuko Kongo. Ameolewa huko."

Ukanigeukia. Tulipofika Kikorongo gari likasimama, akina mama wakaleta gonja, zile ndizi za kuchoma, dirishani. Ukaniuliza, "Tata, Masika iko Kongo wapi?" Nikakujibu, "Kula gonja, itapoa." Ukala. Nilidhani yamekwisha. Kumbe ulikuwa unapanga safari.

Mwanangu, hukubali kazi ya masista kwa ajili ya mbao peke yake. Unakwenda kumtafuta dada yako. Na dada yako hayuko Kongo. Dada yako yuko hapa Bwera, mwendo wa kuchemsha chai kutoka benchi hili ninaloandikia.

Ngoja nivute pumzi.

Mwaka wa vita tuliondoka Butembo kwa miguu, mimi, mama yako na Masika mgongoni. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kuvuta sikio la mtu anayembeba, ndiyo maana masikio yale uliyomchorea yalinichoma. Tulipofika karibu na Kasindi alikuwa ameshikwa na homa. Mpaka ulikuwa pale mbele. Kutoka kwenye shamba la kahawa tulipojificha tuliona mabati ya Bwera yaking'aa ng'ambo ya mto. Hospitali tuliiona kwa macho.

Watu waliorudi kutoka darajani walisema wanajeshi wanawachagua wanaume na kuwabebesha mizigo ya risasi, na aliyebeba harudi. Nikaogopa. Mama yako akasema, "Tuvuke tu. Mutoto iko na moto." Nikasema tungojee kesho, labda watahama. Kesho yake akasema tena, "Baba Masika, mutoto hanyonyi." Nikasema tungojee kesho. Akasema, "Basi mimi nitavuka naye peke yangu." Nikamkataza, Biira. Niliushika ule upindo wa kitenge chake nikamkataza, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Hiyo sehemu mama yako hajawahi kunitajia tangu siku ile, na sijui kama amenisamehe au amechoka.

Siku ya tatu tulivuka. Askari alikuwa mmoja, anakula muhindi wa kuchoma. Hakutuangalia hata usoni. "Pita! Pita mbio!" Basi. Siku mbili zile nilimwogopa mtu anayekula muhindi.

Hospitalini muuguzi alimfungua kutoka mgongoni akamgusa, akaniuliza, "Homa ina siku ngapi? Mulikuwa wapi?" Masika alimshika sikio yule muuguzi, kidogo tu, halafu akaliachilia. Hakufika jioni.

Hatukuwa na ardhi ya kumzika wala ndugu. Mama mmoja muuza mihogo alituonea huruma akatupa nafasi nyuma ya jiko lake. Ndiye bibi yako wa mihogo. Yale mawe matatu nyuma ya jiko lake, unayoyajua. Umeyakalia tangu utotoni ukimenya mihogo. Hakuna aliyekukemea. Mama yako aligeuza uso, bibi akasema, "Muache akae, ni nafasi yake." Ukadhani anazungumzia mawe.

Wewe ukazaliwa mwaka uliofuata. Tungeweza kulificha kaburi, jina hatukuweza. Tungekuita Masika tungekuwa tumemfuta yeye, tukakuita Biira, na kila anayekuita anamtaja na yeye bila kujua. Baada yako hakuja mwingine. Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne na Ithungu wa tano hatukuwapata.

Tuliwapata kwa mbao. Wajua mwenyewe, wewe ndiye uliyeanza. Ulikuwa na miaka saba, unanipa mbao za kuunganisha, nikakuambia unipe wa kwanza, wa chini kabisa, ukasema, "Shika Masika." Halafu, "Shika Biira. Shika Kabugho." Mpaka Ithungu juu. Mafundi wenzangu walicheka sana, na sasa karakana zote tatu za barabara hii zinaita hivyo. Mimi kila uliponiambia "shika Masika" nilimshika. Uliwahi kulalamika kwamba kila kazi nakuachia utie gundi tabaka zote isipokuwa ya kwanza. Ulidhani sikuamini mkono wako. Mkono wako umeupita wangu tangu ukiwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa siwezi tu kumwacha Masika kwa mtu mwingine, hata kwako.

Na nilikufundisha kwamba ubao wa chini uwe ule mzuri kuliko zote, mkavu kuliko zote, ingawa hauonekani, kwa sababu kazi yote imelala juu yake. Huo ni ukweli wa ufundi, siyo fumbo. Ubao wa chini ukiwa na unyevu ndani, wa juu hupasuka, na mtu humlaumu wa juu. Nimelisema mara elfu nikiwa nimesimama mbele yako na unyevu wangu.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwangu mimi mwoga ndiko kilikokuja kilio. Lakini sitaki ubebe hilo kama lilivyo, maana wapo waliovuka siku zile kwa ushujaa wakabebeshwa mizigo, na wake zao wanawangoja mpaka leo. Sikuwa mjinga kuogopa. Daraja lilikuwa la kuogopwa. Ujinga wangu ulikuwa kumtoza mtoto woga wangu. Nimeuchunguza sana woga huu, nina muda wa kuuchunguza, na nimegundua una neno moja tu: ngoja. Haujui jingine. Wakati mwingine ni neno la kweli. Sasa nikilisikia najaribu kuuliza anayengoja ni nani, mimi au yule mwenye homa. Mara nyingi nauliza nikiwa nimeshachelewa.

Kama wiki hii. Nilikuona unapanga nguo, nikasikia: ngoja. Gari likiondoka bila yeye, wiki moja, miezi miwili, masista watapata fundi mwingine, na yeye ataacha kumtafuta Masika. Nikakitoa kitambulisho kwenye begi lako wakati mko kanisani. Nikatafuta mahali ambapo huwezi kutafuta. Ni wapi Biira hawezi kutafuta? Ndani ya kazi yake mwenyewe.

Safari hii uliniachia zile mbao tano za masista nizitie gundi zote. Nikaweka kadi kati ya mbili za chini, ubao ukainuka, mwanga ukapita, ungeona mara moja. Basi nikachukua patasi ndogo nikachimba kwenye ubao wa chini, pembeni, mbali na lile tundu la juu yake, unene wa kadi, urefu wa kadi, pembe zote nne sawa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Kadi ikalala. Nikapuliza vumbi, nikarudi nyuma kuangalia kama nilivyozoea.

Nilikuwa nimechimba kaburi. Dogo, la mstatili, kwenye Masika, na ndani yake uso wako unaniangalia na jina lako limeandikwa juu.

Nikafunika upesi. Nikaweka mbao zote, nikakaza klampu, nikakuambia jana kwamba gundi inakauka usiiguse mpaka kesho. Na bado nilikuwa na mpango, usidhani niliongoka. Chupa ya gundi ilikuwa wazi. Lakini jana ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ukichambua maharage, "Kama haionekani nitapita kule chini mutoni, na wale mama wa chumvi. Wao wanavuka bila kitu." Mama yako akadondosha ungo. Na mimi nikaona nilichofanya. Nilidhani nakufungia mlango, kumbe nakupeleka mtoni, bila karatasi, kumtafuta mtu ambaye hayuko, kwa sababu nilimdanganya karani. Mara ya pili, Biira. Mimi yule yule, kitenge kile kile nimekishika.

Sasa umejua. Labda hutakwenda tena, kwa kuwa uliyemfuata hayuko huko. Labda utakwenda kwa ajili ya mbao, na kwa Gethsemane yako, ambayo ni kazi kubwa kuliko unavyojua. Nitakuwa mwongo nikisema sina upande. Nataka ubaki. Nataka ubaki mpaka nife, uwe mzee hapa, unune, unichukie, lakini uwe hapa ninapokuona. Hayo ni ya kwangu, na wewe huna deni nayo. Usiniulize kesho, "Tata, niende?" Nitasema ngoja. Nimeshakuambia neno hilo linatoka wapi.

Mama yako anajua kwamba nakuandikia, hajui ya patasi. Umwambie wewe au unyamaze, utakavyoona. Lakini muulize kuhusu Masika, usiku huu au akikusindikiza mpakani. Muulize alikuwa anacheka vipi. Amengoja miaka yote mtu amuulize, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kwa kisingizio cha kukulinda wewe.

Alfajiri nitakuwa kwa bibi yako wa mihogo, nyuma ya jiko, kwenye mawe. Njia ya kwenda mpakani inapita pale. Ukitaka kuniona, pita. Ukitaka kunitukana, pita pia. Kama hutaki kuniona, kuna ile njia ya juu ya shule, nami nitalisikia gari na nitajua. Sitakufuata.

Salamu nilizoahidi: nakupenda, na naogopa. Nimejaribu kuyaandika mbali mbali, yamekataa.

Sasa simama, nenda kwenye benchi. Legeza klampu zote nne, usiogope, hakuna kitakachovunjika. Ondoa Ithungu, ondoa Mbambu, ondoa Kabugho. Halafu inua Biira polepole. Kiko hapo, juu ya Masika. Lile shimo usilizibe, au lizibe, ubao ni wako.

Sikutia gundi.

Mimi, baba yenu